Nilipunguza kilo 17, nane zimerudi. Nianze upya?

SWALI

"Shikamoo daktari. Nina miaka 43, mama wa watoto watatu, naishi Ilazo hapa Dodoma na ofisi yetu iko Mtumba, kwenye Mji wa Serikali. Mwaka jana nilikuwa na kilo 94 na presha juu. Sendofu ya mdogo wangu ilipokaribia nikaamua kweli: nikaacha kabisa ugali, wali na chapati, nikawa nakula mlo mmoja kwa siku, mayai, matango na parachichi, asubuhi maji ya ndimu. Miezi saba nikafika 77 na kliniki wakanipunguzia dozi ya presha. Sherehe ilipopita nikarudi kula kawaida, wala si kwa fujo. Leo ni mwezi wa tano tangu sherehe, mizani inasoma 85. Shangazi anasema mwili wangu umeshaharibika, ananishauri chai ya kukata tumbo. Je, ni kweli umeharibika? Nirudie ile dayati haraka kabla sijafika 94? Na gauni la sendofu zipu imegoma, nimpelekee fundi aliachie au nilisubiri?"

JIBU

Marahaba, dada yangu. Mimi si daktari, ni mtu wa lishe, ila hapa mjini ukishavaa koti jeupe utaitwa daktari tu na nimechoka kubishana. Jibu langu kwa ufupi: mwili wako ni mzima, ile dayati usiirudie, na kwa wiki nane zijazo sitaki upunguze hata kilo moja. Nataka ukae hapohapo kwenye 85. Najua hukuandika barua ili uambiwe hivyo, kwa hiyo nipe nafasi nieleze.

Tuanze na hesabu, maana umeandika kama mtu aliyeshindwa. Ulikuwa 94, leo ni 85. Kilo tisa hazipo mwilini mwako, yaani karibu asilimia 10 ya ulichokuwa nacho. Marekani waliwahi kuwafuatilia kwa miaka mingi watu zaidi ya 5,000 wenye uzito mkubwa na kisukari cha aina ya pili. Kundi moja kati yao lilipewa kila msaada: wataalamu wa chakula, wa mazoezi, vikao vya mara kwa mara. Ulipofika mwaka wa nane, nusu ya kundi hilo ndio waliokuwa bado chini kwa asilimia 5 au zaidi, na asilimia 27 tu ndio waliokuwa chini kwa asilimia 10 au zaidi. Wewe bila mwalimu wala kikao uko mlangoni mwa hao 27, ingawa ni kweli kwamba wao wamepita miaka minane na wewe una miezi. Utafiti mwingine wa hukohuko, uliotoka mwaka 2002, uliwapa watu waliokuwa wanakaribia kisukari lengo la kupunguza asilimia 7 na kufanya mazoezi, na idadi ya waliopata kisukari ikapungua kwa asilimia 58 wakilinganishwa na wenzao. Asilimia 7 ya kilo 94 ni kilo sita na nusu hivi. Hapo ulipo sasa bado umepita.

Sasa kwa nini zinarudi. Mafuta ya mwili hukaa ndani ya seli maalumu, na mtu mzima akipungua, idadi ya seli hizo haipungui. Zinasinyaa tu. Watafiti wa Sweden walilipima jambo hili mwaka 2008, tena kwa njia ya ajabu: walitumia kaboni iliyosambaa angani kutokana na majaribio ya mabomu ya nyuklia kujua umri wa seli za mafuta za binadamu, wakakuta idadi yake kwa mtu mzima haibadiliki sana, anenepe au akonde. Seli hizo zikiwa zimejaa hutoa homoni inayoitwa leptini, ambayo huuambia ubongo kwamba ghala lina akiba. Zikisinyaa, leptini hushuka, na ubongo unasikia habari moja tu: njaa imeingia.

Sisi wa Kanda ya Kati tusishangae. Wazee wa Ugogo walikuwa na jina la njaa ile ya mwaka 1917 hadi 1920, waliiita Mtunya, na tangu hapo miaka ya ukame imekuja na kupita. Mwili wa binadamu umelelewa na miaka ya namna hiyo. Haujui sendofu wala haujui zipu. Ukiuondolea kilo 17 kwa miezi saba, unajua umetoka kwenye ukame, na mvua ikinyesha unakimbilia kujaza ghala. Ndivyo ilivyotokea kwa vijana 36 waliojitolea katika Chuo Kikuu cha Minnesota mwaka 1944 na 1945, walipolishwa nusu tumbo kwa miezi sita ili wanasayansi waone njaa inavyomfanya mtu. Walipofunguliwa, walikula mpaka matumbo yakauma na bado wakasema hawajashiba, na mafuta yalirudi kwa kasi kuliko misuli. Hao walikuwa vijana wenye afya na nidhamu kuliko mimi na wewe.

Shangazi ana nusu ya ukweli. Mtu aliyepungua hutumia nishati kidogo kuliko zamani, kwa sababu mwili ni mdogo na pia kwa sababu mwili wenyewe unabana matumizi. Mwaka 2016 ulitoka utafiti wa washiriki 14 wa shindano moja la televisheni la kupunguza uzito huko Marekani. Miaka sita baada ya shindano, wengi wao walikuwa wamerudisha sehemu kubwa ya kilo zao, na miili yao ikiwa imepumzika ilikuwa inaunguza karibu kalori 500 kwa siku pungufu ya ilivyotarajiwa kwa miili ya ukubwa ule. Habari hiyo ilitangazwa dunia nzima, na watu wengi wakakata tamaa. Lakini wale walikuwa wamepunguza kwa kasi ya kupindukia, wastani wa kilo 58 kila mmoja, na hata hivyo tatizo kubwa liko upande mwingine. Kevin Hall, aliyeongoza utafiti huo, pamoja na wenzake walikadiria kwamba kwa kila kilo unayopoteza, matumizi ya mwili hushuka kalori 20 hadi 30 kwa siku, ilhali hamu ya kula hupanda karibu kalori 100. Njaa inakuvuta mara tatu na zaidi kuliko huo mwili uliobana. Na haiishi haraka: kule Melbourne mwaka 2011 waliwapima watu 50 waliopunguzwa kwa wiki kumi, na mwaka mzima baadaye homoni zao za njaa zilikuwa bado hazijatulia.

Kwa hiyo unapoandika "nikarudi kula kawaida, wala si kwa fujo" nakuamini kabisa. Ila hiyo kawaida, dada, ndiyo iliyojenga kilo 94. Iliwahi kumlisha mtu wa kilo 94, na wewe ulikuwa 77 tena mwenye njaa ya ziada usiyoijua.

Hapa nikiri kosa langu. Miaka yangu ya mwanzo kazini nilikuwa na karatasi moja niliyomgawia kila mtu mnene: usile ugali, usile wali, usile chapati, kunywa maji. Watu walipungua, nikajisifu. Sikuwa nawaona tena baada ya mwaka, nikadhani wamepona. Siku moja nikakutana na mmoja wao soko la Majengo, akanikwepa akapitia upande wa vitunguu. Ile karatasi ilikuwa inawafundisha kushuka tu. Kukaa ni kazi nyingine, ina ujuzi wake, na mimi sikuwahi kuifundisha.

Ndiyo maana nakupa wiki nane. Chuo Kikuu cha Stanford walichukua wanawake 267, wakawagawa makundi mawili. Kundi la kwanza lilianza kupunguza mara moja. La pili likaambiwa lisipunguze kitu kwa wiki nane, lijifunze tu kutopanda: kuijua mizani yao, kujua vyakula vyao vya udhaifu, kufanya mabadiliko madogo yasiyoumiza. Kisha likaingia kwenye programu ileile ya kupunguza. Mwishoni makundi yote mawili yalikuwa yamepungua karibu sawa. Lakini mwaka mmoja baadaye, lililoanza kwa kupunguza lilikuwa limerudisha kilo 3 hivi, na lililojifunza kukaa kwanza limerudisha kilo moja na nusu tu. Utafiti huo ulitoka mwaka 2013 na nadhani haukupewa heshima yake, pengine kwa sababu hauna cha kuuza.

Wiki nane za nyumba yako na ofisi yako zifanane vipi? Anza jikoni, na jikoni anza na mafuta. Kanda yetu inakamua alizeti na mafuta ya Singida ni mazuri, sina ugomvi nayo, ila kijiko kimoja cha chakula ni kalori kama 120, yawe ya alizeti, ya pamba au ya mawese. Siku ukifungua chupa mpya ya lita moja andika tarehe kwa kalamu juu yake. Tuseme mko watano na lita inaisha kwa siku tano. Hiyo ni mililita 40 kwa kila mtu kila siku, zaidi ya kalori 300, na hakuna hata mmoja aliyeiona sahani yake ikibadilika. Ukiifanya lita hiyo ifike siku nane, umepunguza zaidi ya kalori 100 kwa siku na hakuna mtu nyumbani atakayeuliza. Kati ya ushauri wote wa chakula nilio nao, huu ndio unaonipa matokeo mara nyingi, na ndio watu wanaoupuuza mara nyingi, kwa sababu wanataka kuambiwa juu ya tangawizi.

Ugali urudi mezani, na ile sufuria yako ya peke yako irudi kabatini. Mtu hawezi kupika sufuria mbili hadi uzeeni. Pakua ugali wa ukubwa wa ngumi yako, mboga za majani zijaze nusu ya sahani, na maharage, kunde, choroko, dagaa au samaki wawepo kila mlo, kwa sababu protini hushibisha muda mrefu na huilinda misuli, ambayo baadhi uliipoteza pamoja na mafuta. Utasikia watu wakisema ugali wa uwele au wa mtama haunenepeshi. Si kweli. Gramu 100 za unga wowote kati ya huo zina kalori 350 na kidogo, kama mahindi tu. Faida ya uwele na dona ni makapi yake, kwamba unashiba mapema. Na mlenda ndiyo mboga ninayoipenda kwa mtu anayelinda uzito: ule mkavu unapatikana kiangazi chote wakati mchicha umepanda bei, na haudai mafuta. Angalizo mbili. Karanga za kusaga zinazotiwa humo zihesabu kwa kijiko, si kwa kiganja. Na magadi yana sodiamu kama chumvi, na wewe una presha, kwa hiyo weka kiasi kidogo sana au acha.

Mlo mmoja kwa siku uache. Najua wapo wanaouweza. Wewe ukitoka Ilazo na maji ya ndimu tumboni, utafika kwenye chai ya saa nne pale ofisini huku mwili wako umeshaamua. Nimekaa kwenye vikao vya kutosha kujua kinachopita mezani: maandazi, sambusa, karanga, soda. Soda moja ya mililita 350 ina gramu 35 hivi za sukari, karibu vijiko tisa vya chai. Sikuambii ukatae chai, utaonekana unaringa. Kula kitu chenye mayai au maharage kabla hujatoka nyumbani, kisha kwenye kikao chagua kitafunwa kimoja na chai ya rangi au maji. Kimoja unachokipenda, si kile kilichokuwa karibu na mkono.

Miezi ya Bunge la Bajeti, Aprili hadi Juni, mji huu haulali na nyie watumishi mnatoka usiku. Usipange kupunguza chochote miezi hiyo. Panga kutopanda tu. Hivyohivyo Desemba. Na Jumamosi mkienda mnadani Msalato, nenda umeshakula kitu kidogo, agiza nyama kwa vipande badala ya kilo nzima mezani, ndizi za kuchoma badala ya chipsi. Halafu furahi, usiende pale kuhesabu.

Mizani sasa, na hapa nakuwa mkali. Pima siku moja kila wiki, tuseme Ijumaa, ukishatoka msalani na kabla ya chai, mizani ikiwa juu ya sakafu ngumu, si zulia. Mizani yako mwenyewe, si ya kijana wa stendi, maana kila stendi ina kilo zake. Andika ukutani au ndani ya mlango wa kabati. Rena Wing, mmoja wa walioanzisha mwaka 1994 daftari la Wamarekani waliofanikiwa kulinda uzito, aliwafundisha watu kutumia rangi kama taa za barabarani, na utafiti wake wa mwaka 2006 ulionyesha kwamba waliofundishwa hivyo walirudisha kilo kidogo kuliko wasiofundishwa. Zako ziwe hivi: hadi 86.5 ni kijani, endelea na maisha. Kutoka hapo hadi 87.5 ni njano: chunguza wiki iliyopita, mafuta yaliisha siku ngapi, ulitembea au la. Ikizidi 87.5 ni nyekundu, na hapo unatekeleza mpango uliouandika leo ukiwa umetulia: wiki mbili bila soda, bila vitafunwa vya ofisini, ugali nusu ngumi jioni, na dakika 15 zaidi za kutembea. Mpango uandike sasa. Mtu aliyeko kwenye nyekundu huwa hana akili ya kupanga, ana aibu tu, na aibu humfanya aifiche mizani chini ya kitanda.

Usitishike na kilo moja au mbili za ghafla baada ya sherehe au karibu na siku zako za mwezi. Mwili ukihifadhi wanga huhifadhi na maji, gramu kama tatu za maji kwa kila gramu moja, na chumvi nayo huvuta maji. Ndiyo maana pia ile wiki yako ya kwanza bila ugali ulishuka ukashangilia. Sehemu kubwa yalikuwa maji.

Kutembea nako nilikuwa nikiwaeleza watu vibaya miaka ile, kwa hiyo nieleze vizuri leo. Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi hutembea kilomita nyingi kila siku wakitafuta chakula. Herman Pontzer na wenzake walipima nishati wanayotumia, wakachapisha mwaka 2012, na wakakuta kwamba ukizingatia ukubwa wa miili, haitofautiani na ya Mmarekani wa ofisini. Mwili unajua kufidia. Kwa hiyo usitembee ili kulipia chipsi, hesabu haitakubali. Lakini katika daftari lile la Wamarekani tisa kati ya kumi hufanya mazoezi, kwa wastani saa moja kwa siku, na hata wale wa shindano la televisheni, waliofanikiwa kutorudi ni walioongeza sana mwendo. Mazoezi ni dhaifu katika kushusha, ni imara katika kushikilia. Saa moja hiyo igawe: dakika 30 asubuhi kabla jua la Dodoma halijachachamaa, ukiwa na jirani kwa ajili ya mbwa na giza, na jioni shuka kwenye basi kituo kimoja au viwili kabla ya chako. Mara mbili kwa wiki kaa na kuinuka kwenye kiti bila kushika kitu, mara kumi, pumzika, rudia mara tatu, kwa ajili ya misuli ya mapaja. Na lala. Ukilala kwa muda wa saa tano tu, kesho yake njaa haitakuwa ya tumbo.

Chai ya shangazi iache kwa heshima. Nyingi ya chai hizo zina majani ya sena, ambayo ni dawa ya kuharisha. Unapoteza maji na potasiamu, mafuta yanabaki pale pale, na mtu wa presha anayetumia dawa za kukojoa anaweza kuhatarisha moyo wake. Sindano za kupunguza uzito za semaglutide unazozisikia ni dawa ya kweli, lakini waliofuatiliwa baada ya kuziacha walirudisha theluthi mbili ya walichopunguza ndani ya mwaka mmoja, kwa hiyo hizo nazo ni jambo la kuzungumza na daktari wako ukijua ni la muda mrefu.

Kabla ya yote, wiki hii nenda ukapime presha. Dozi ilipunguzwa ukiwa unaelekea 77. Leo uko 85, na huenda haikutoshi tena. Waeleze pia kama unatumia sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu au dawa zozote mpya, na kama unahisi baridi kuliko wenzako, uchovu usioisha au miguu inavimba. Mambo hayo yanaweza kuongeza uzito bila kosa lako na yana vipimo vyake.

Wiki nane zikiisha na umebaki kwenye kijani, tutazungumza kushuka tena, nusu kilo kwa wiki, tukifika 81 tunasimama wiki nane nyingine. Sikuahidi 77. Ile 77 uliishikilia kwa mlo mmoja na ndimu, na bado sijui kama unaweza kuishi nayo ukiwa unakula na watoto wako.

Gauni mpelekee fundi aliachie. Mwambie kitambaa cha ndani ya mshono asikikate.